Ishara, kikuku, bango au neno moja: namna nne za kupeleka mpango uwanjani bila kukusanya duara

Kocha mkuu wa mpira wa Kimarekani akishatangaza kwamba msimu huu hakuna duara, watu hupiga makofi, kisha kila mmoja humgeukia mwenzake: sasa vijana watajuaje cha kufanya? Mwaka huu nimeulizwa hivyo mara mbili. Wa kwanza ni Mtanzania mwenzangu anayesaidia timu ya sekondari huko Iowa. Wa pili ni baba Mkongomani hapahapa Lexington, Kentucky, ambaye mwanawe ni kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na yeye mwenyewe amevutwa benchi awe msaidizi. Mimi nilikulia Tanga nikijua mpira mmoja tu, ule wa miguu. Huu wa Kimarekani nimeujulia ukubwani, nikiwa msaidizi upande wa mashambulizi, na niliyoandika hapa ndiyo niliyowajibu hao wawili, ila kwa urefu.

Kwa asiyeuzoea mchezo: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Kati ya jaribio na jaribio, desturi ni wachezaji kumi na mmoja kukusanyika duara, kwotabeki awaambie mpango, kisha wakajipange. Ninaposema mpango, nina maana ya kazi ya jaribio moja: nani anakimbia, nani anazuia, mpira unakwenda kwa nani. Ukiondoa duara, mpango lazima utoke kwa kocha hadi kwa vijana walio mbali, wamevaa helmeti, jukwaani ngoma zinapigwa.

Duara lenyewe lina historia yake. Inasimuliwa kwamba lilianza 1894 kwa Paul Hubbard, kwotabeki wa Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington, D.C., aliyewakusanya wenzake ili wapinzani wasisome lugha yao ya alama. Karibu miaka mia baadaye kocha Sam Wyche akaivuruga desturi hiyo na Cincinnati Bengals, wakafika Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, Januari 1989. Buffalo Bills wa Jim Kelly wakafuata, wakafika fainali nne mfululizo na kupoteza zote nne. Kwenye sekondari, Todd Dodge alitwaa ubingwa wa Texas na Southlake Carroll mwaka 2002, 2004, 2005 na 2006. Gus Malzahn naye aliimaliza 2005 bila kufungwa na Springdale ya Arkansas. Hubbard aliwakusanya watu ili afiche ishara. Sisi tumewatawanya, tukajikuta tumerudi kwenye ishara zilezile.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja ambalo wengi hulichanganya: kuacha duara si lazima kukimbia. Kanuni za NFHS, shirikisho la michezo ya sekondari, zinazofuatwa karibu majimbo yote (Texas ina zake, zilizotokana na za vyuo), tangu 2019 zinatoa sekunde 40 baada ya jaribio la kawaida, na 25 baada ya mchezo kusimamishwa kwa adhabu au mapumziko. Huwezi kuanza mpaka waamuzi waweke mpira chini. Ukibadili mpangilio, wote kumi na mmoja lazima watulie sekunde nzima, la sivyo unarudishwa yadi tano. Kwa hiyo refa mnene anayetembea polepole ana sauti kubwa katika kasi yako kuliko unavyodhani. Kuna timu zisizo na duara ambazo hujipanga upesi, zikasimama, zikawatazama walinzi wamekaaje, kisha kocha akachagua mpango sekunde zikibaki kumi. Hizo nazo zimeacha duara, na wala hazina haraka.

Vigezo nilivyotumia

Nimeipima kila njia kwa mambo matano. Kasi: tangu mpira unapokufa hadi senta, yule wa katikati mwa mstari wa mbele, anapouachia tena, njia yenyewe inakula sekunde ngapi. Kufundisha: itakula siku ngapi za Agosti, mwezi ambao joto peke yake linatosha kukutoa jasho. Siri: wapinzani watachukua muda gani kuisoma. Watu na pesa: nani ataishika, na nini kinunuliwe. Mwisho ni inavyoharibika, yaani kijana mmoja asipoupata ujumbe, kinatokea nini. Hiki cha mwisho ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu kwenye sekondari kuna mmoja asiyeupata ujumbe karibu kila dakika.

Ishara za mikono

Kocha anasimama kando ya uwanja na kugusa kofia, kifua, kiwiko, goti. Ishara moja ni ya mpangilio, nyingine ya kukimbia au kurusha, ya tatu ya upande, na pengine ya nne ni ya hesabu ya kuanzia. Kwa kawaida husimama watu wawili au watatu, mmoja wa kweli na wengine wa kuzuga, na vijana wanajua nani wa kumtazama robo hiyo.

Kasi ni nzuri sana vijana wakizoea, kwa kuwa macho hayasubiri sauti na kila mchezaji anasoma mwenyewe bila kungoja kwotabeki. Tatizo ni wale wazuiaji watano wa mbele. Senta amekwishainama, mkono uko kwenye mpira, na ukimtaka ageuke atazame benchi unampotezea muda na umakini. Timu nyingi huwaacha hao wasomewe na kwotabeki kwa sauti, kwa neno moja au mawili.

Kufundisha ndiko kugumu. Ishara ni lugha, na lugha haijifunzwi kwa kutazama karatasi. Sisi huanza Juni, dakika kumi kila mazoezi, msaidizi anaonyesha na vijana wanajibu kwa sauti moja kama darasa la chekechea. Kijana aliyehamia Septemba anaanza nyuma na hatawafikia wenzake hadi Oktoba.

Siri ni ya wastani. Mpinzani mwenye jicho zuri na subira atakusoma kabla ya mapumziko, hasa mipango mitatu unayoipenda. Kashfa ya kusoma ishara iliyokikumba Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2023 iliwafungua macho hata waliodhani ni mambo ya sinema, na mwaka uliofuata vyuo vikubwa vikaruhusiwa kumwekea mchezaji mmoja redio ndani ya helmeti. Wengi wetu wa sekondari, tunaocheza Ijumaa usiku, tunaendelea na macho na mikono.

Pesa haihitajiki hata senti. Watu wanahitajika, angalau wawili wasiochoka na wasiosahau. Inavyoharibika: mpokeaji mmoja, yaani mmoja wa wanaokimbia kurushiwa mpira, akikosea, kumi wengine wanafanya mpango mmoja naye anafanya wake. Mara nyingi hasara ni mpira kuanguka chini bila mtu, hatari ikiwa ni kwotabeki kurusha mahali ambapo mwenzake hakwenda.

Kikuku chenye kadi

Hiki ni kile kimkanda cha mkononi chenye dirisha la plastiki, ndani kadi yenye mipango iliyopewa namba. Kocha anapiga kelele au anaonyesha kwa vidole, «Bluu, moja-nne!», kila mmoja anatazama mkono wake, anasoma mstari wake, anajipanga.

Kufundisha ni rahisi kuliko njia zote nne. Kijana aliyeingia jana anaweza kucheza leo ilimradi anajua kusoma na anajua maana ya maneno kwenye kadi. Siri ni kubwa pia: wiki inayofuata unachapa kadi nyingine, namba 14 ya jana haina maana leo. Ukiwa na mashaka unabadilisha kadi wakati wa mapumziko, na mpinzani aliyeandika kila kitu kwenye daftari lake anabaki na daftari.

Kasi ndiyo inayolipa gharama. Kichwa kinainama, jicho linatafuta mstari, kichwa kinainuka. Sekunde hizo chache ni nyingi ukitaka kumchosha mlinzi, na kijana anayesoma mkono wake hamtazami mlinzi aliye mbele yake. Ninawaambia wasaidizi wapya: ukitaka kujua kama kadi yako ina maandishi madogo mno, ivae wewe, kimbia yadi thelathini, uisome ukitweta.

Pesa ni kidogo, vikuku na wino wa printa, ila unahitaji mtu mwenye nidhamu ya kuchapa Alhamisi usiku bila kukosea. Mwaka mmoja tulichapa kadi za toleo mbili bila kujua. Nusu ya timu ilikuwa na mipango ya wiki iliyopita, na tuligundua kwenye jaribio la tatu, mkimbiaji alipokwenda kushoto na wazuiaji wote wakaenda kulia. Aliangushwa na watu wanne.

Inavyoharibika kuna mtego wa masikio ambao mzungumzaji wa Kiswahili huenda asiutegemee. Kwetu kumi na nne na arobaini hazifanani hata kidogo. Kwa Kiingereza, masikioni mwa mtu aliyevaa helmeti, zinakaribia kuwa neno moja, na hivyo hivyo 13 na 30, 15 na 50. Ndiyo maana tunataja tarakimu mojamoja, moja-nne, nne-sufuri. Tulijifunza kwa kupoteza mpira yadi nane kutoka goli.

Na rangi: usitumie nyekundu na kijani pamoja. Kati ya wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, takriban mmoja katika kumi na wawili hazitofautishi vizuri, na kijana wa miaka kumi na sita hatakwambia.

Mabango ya picha

Walioyafanya yajulikane ni Chuo Kikuu cha Oregon chini ya Chip Kelly, aliyekuwa kocha mkuu pale 2009 hadi 2012: mabango makubwa yaliyogawanywa vipande vinne, kila kipande picha, nyuso za watangazaji wa televisheni, nembo, wanyama. Januari 2011 walicheza fainali ya vyuo na Auburn, wakafungwa 22 kwa 19. Auburn nao walikuwa wa kasi, na Malzahn yuleyule wa Springdale ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashambulizi yao.

Kasi ni nzuri. Bango linaonekana ng'ambo ya uwanja na halitaki kichwa kuinama. Siri ni nzuri mno kwa gharama ndogo ya akili: picha tatu kati ya nne hazina maana, au zote hazina, na bango ni la kuwaficha watoa ishara walio nyuma yake.

Kufundisha kuko katikati, lakini hapa kuna jambo lililonishangaza. Timu yetu ina vijana waliotoka kambi za wakimbizi Tanzania na Uganda, wazazi wao Wakongomani. Kiingereza chao ni cha mwaka mmoja au miwili. Kadi ya kikuku, yenye vifupisho vya Kiingereza vilivyobanwa, iliwatesa. Picha ya twiga haikuwatesa. Ukimwonyesha twiga na kumwambia twiga ni mpango huu, amekwisha. Walioteseka na twiga walikuwa vijana wengine, waliozoea kusoma.

Watu na pesa ndipo palipo na mzigo. Bango la ubao mwepesi si ghali, ila unahitaji watu wa kulishika, na hao ni vijana walioumia au wa mwaka wa kwanza ambao akili yao iko kwenye simu au kwa binti aliye jukwaani. Upepo wa Oktoba unayapeperusha. Mvua inayalowesha usipoyafunika.

Inavyoharibika: bango likiinuliwa vibaya, timu nzima inakosea kwa pamoja. Hilo ni afadhali. Kumi na mmoja wakifanya mpango usio sahihi, lakini uleule mmoja, huenda hata ukafaulu.

Neno moja

Hapa hakuna mtu wa kutafsiri kitu. Neno moja linabeba mpangilio, mpango, upande na hesabu. Kwotabeki analipaza, wote wanasikia, senta anaachia. Hapa Lexington wazee wa uwanjani bado wanamkumbuka Hal Mumme, aliyekuja chuo kikuu cha hapa 1997 na mashambulizi yake ya kurusha mfululizo, na kwotabeki wake Tim Couch, aliyechaguliwa wa kwanza na timu za NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 1999. Walichoacha katika sekondari za huku ni imani kwamba mipango michache iliyorudiwa mara elfu inashinda kitabu kinene, na neno moja linakaa vizuri ndani ya imani hiyo.

Kasi haina mpinzani. Mkimbiaji amepata yadi kumi na tano, walinzi bado wanaamka na kuangaliana, wewe uko tayari. Wakati huo ndio mtamu kuliko wote, kwa sababu mlinzi aliyetakiwa kutoka hajatoka na wa kuingia hajaingia.

Kufundisha ni rahisi kwa maneno manne hadi manane, kisha kunakuwa kugumu ghafla. Ukifika neno la kumi na mbili vijana wanaanza kukisia. Siri ni ndogo: neno likirudiwa mara tatu, mlinzi wa kati analijua na analipaza mwenyewe. Kinga yake ni kuwa na maneno mawili kwa kila mpango, na kuyabadili kila mwezi.

Sisi tuliona ujanja, tukachukua maneno ya Kiswahili. «Moto» ilikuwa kukimbia katikati, «Bahari» kurusha upande mpana, na «Polepole» ilikuwa amri ya kutulia na kutazama benchi. Ilifanya kazi mechi nne. Ya tano, kwotabeki alipaza «Moto! Moto!», na mlinzi wa pembeni wa wapinzani, kijana mrefu ambaye hatukuwa tumemwangalia jina, akainua mkono na kucheka: «Ndugu, nasikia!» Kisha akawapigia wenzake kelele kwa Kiingereza waje katikati. Mji huu una Waswahili wengi kuliko tulivyopiga hesabu.

Watu na pesa, karibu hakuna. Inavyoharibika: kelele. Ugenini, kwenye uwanja uliojaa, wapokeaji walio mbali hawasikii kitu, na mpango wa neno moja usiosikika na wawili ni mpango wa watu tisa. Ndiyo maana wengi huambatanisha neno na ishara moja rahisi ya mkono.

Gharama ambayo njia zote nne zinashiriki

Hii haitofautishi njia na njia, lakini mwaka wetu wa kwanza ilituumiza kuliko zote. Ukicheza mbio na majaribio matatu yakashindikana, ukalazimika kuupiga mpira mbali kwa la nne, umetumia chini ya dakika moja, na ulinzi wako ambao haujamaliza kunywa maji unarudi uwanjani. Kwenye shule ndogo ni vijana walewale wanaoshambulia na kulinda. Unadhani unamchosha mpinzani kumbe unawachosha wako. Kwa hiyo njia yoyote utakayochukua, iwe na ishara ya kupunguza mwendo, na ifundishwe siku ya kwanza, kabla ya ile ya kuongeza.

Ipi kwa hali ipi

Kama mko makocha watatu tu na vijana wanabadilika kila mara, wengine wakiingia katikati ya msimu, kikuku kitakusumbua kidogo kuliko vingine. Kasi utaipata baadaye. Mwaka wa kwanza, kujipanga bila duara na bila kukosea kunatosha.

Kama una kwotabeki wa mwaka wa mwisho aliyecheza miaka mitatu mfumo huohuo, pamoja na wapokeaji walewale, ishara za mikono zitakupa zaidi, kwa kuwa lugha wanayo tayari na unaweza kuwaongezea sarufi.

Kama nusu ya timu bado inajifunza Kiingereza, jaribu mabango kabla ya kadi. Ukishikilia kadi, basi weka alama na michoro badala ya vifupisho, na umpe kijana mmoja anayezijua lugha zote mbili kazi ya kuipitia nao Jumatano. Usimpe kazi hiyo kwotabeki. Ana yake.

Kama wapinzani wa ligi yenu ni walewale miaka kumi na makocha wao ni walewale, siri inapanda juu ya kasi. Huko badilisha kadi kila wiki, au weka mabango mbele ya ishara.

Kama shule ni ndogo na vijana kumi na nane wanacheza pande zote mbili, usiliache kabisa duara. Kuna timu zinazokusanyika kwa kifupi karibu kabisa na mpira, zikatawanyika kwa ghafla, na zinapata nusu ya faida bila kuua ulinzi wao. Weka maneno manne ya mbio pembeni, kwa ajili ya baada ya yadi kumi na tano.

Yule ndugu wa Iowa amechukua kikuku na maneno matatu. Baba wa Lexington bado hajaamua. Jumamosi alinipigia akiuliza bei ya ubao mwepesi, na kama twiga ni lazima awe twiga au anaweza kuweka okapi, wa kwao.